Mkono Uliozoea Salamu

Kidole cha shahada cha Mama Baridi kilikuwa hakitambuliwi na mashine yoyote. Alikibonyeza juu ya tableti ya chuo mara moja, mara mbili, mara ya tatu akakikandamiza kama anayetaka kutoboa meza, na kioo kikabaki kinamtazama tu. Miaka ishirini na miwili ya kushika paipu za shaba zilizotoka kwenye moto ilikuwa imekifanya kidole hicho kigumu kama kisigino. Mwenzake wa chumba, mwanamke mwembamba aliyekuwa mpiga picha kabla ya kuja kusomea umeme wa jua, ndiye aliyempa dawa.

"Dada, tumia kifundo cha kidole," alimwambia. "Ngozi ya hapo bado iko hai."

Tangu siku hiyo Mama Baridi akawa anaibishia tableti hodi, ko ko ko, na tableti inamfungulia. Darasa zima lilicheka hadi likachoka, kisha likazoea.

Alikuwa na miaka arobaini na minane, fundi friji, mama wa watoto watatu waliokwisha kumpita urefu. Jina la Mama Baridi alipewa na wateja, na wala halikumkera, maana lilimletea kazi. Nyumbani, nchi ya pili kutoka hapo ukivuka mipaka, yeye na mumewe walikuwa na karakana ya mlango mmoja. Mume ndiye aliyemfundisha kazi. Alimwoa akiwa mshona vitambaa vya meza, akamkuta siku moja amefungua friji la jirani kwa kisu cha jikoni na kuligundua tatizo lake, akasema huyu hafai kukaa na sindano. Akamkabidhi bisibisi, na hadi leo hajairudisha.

Sasa ilikuwaje mama wa watu wazima akalale kwenye bweni la wanafunzi? Sheria. Friji mpya zinazoingia zinatumia gesi inayowaka, ile ile jamii ya gesi ya kupikia, na zile za zamani gesi yao ikitoka huko juu inaichoma dunia nzima kwa joto. Kwa hiyo serikali ya kwao ikatangaza kwamba kuanzia mwaka mpya, fundi asiye na leseni hauziwi hata gramu moja ya gesi. Leseni haipatikani bila mafunzo, na chuo cha mafunzo hayo kwao hakikuwepo. Ikapatikana nafasi ya kwenda kusoma nje miezi minane, karakana moja mtu mmoja. Kwa ukubwa wa kazi alistahili mume, lakini fomu ilitaka mtu asiyezidi miaka hamsini, na yeye alikuwa na hamsini na sita. Umri ukamkata palepale.

"Nenda wewe," alimwambia mkewe, akijipiga kifua. "Bila mimi usingejua hata koki inafungukia upande gani. Kwa hiyo ukienda wewe, nimekwenda mimi."

Majivuno yale! Lakini aliyasema huku anamfungia sanduku, na alilifunga vizuri.

Chuoni walikuwa watu wazima kumi na wanne, kila mmoja na nywele zake nyeupe alizozificha au kushindwa kuzificha. Mafunzo yaliitwa ujuzi wa kijani na wa kidijitali. Kijani ni kutochafua, kidijitali ni kuandika kila unachofanya kwenye tableti ili mtu mwingine aweze kukikagua. Friji za siku hizi, akajifunza, zinasema zenyewe zinaumwa wapi. Unaziunganisha na simu, zinakutajia namba ya ugonjwa. Kitu hicho kilimfurahisha wiki nzima, mpaka siku mwalimu alipoonyesha namna kadi ndogo ya umeme inavyoharibika na kulifanya friji lionekane limekufa moyo. Mama Baridi alikuwa anawapitia kichwani, mmoja mmoja, wateja aliowabadilishia kompresa, moyo wenyewe wa friji, nzima nzima wakati ugonjwa ulikuwa kwenye kadi. Moyo ulimuuma kweli, na jioni ile hakula.

Mwalimu wao alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, mpole, mwenye macho ya kuona mbali. Yeye ndiye aliyeigundua ile salamu.

Ni hivi. Unapotaka kujaza gesi kwenye friji, unaunganisha mtungi kwa mpira. Ndani ya mpira kuna hewa, na hewa ikiingia kwenye friji ni balaa. Njia ya sasa ni kuunganisha kila kitu kwanza, kisha kuwasha pampu inayonyonya hewa yote, mpira na friji kwa pamoja, ndipo ufungue mtungi. Inachukua nusu saa. Mafundi wa zamani hawakuwa na pampu wala nusu saa. Walilegeza nati kidogo, wakagusa koki ya mtungi, gesi ikasukuma hewa nje kwa mlio mfupi, tsss, wakakaza. Sekunde mbili. Mumewe alikiita kitendo hicho kulisalimia friji. "Huwezi kuingia kwa mtu bila salamu," alikuwa akimwambia enzi za kumfundisha, na Mama Baridi amesalimia friji za mtaa mzima, za hoteli, za zahanati, za bucha, mara nyingi kuliko alivyowasalimia ndugu zake.

Chuoni salamu ilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Gesi inayowaka, tsss moja, na jiko likiwa karibu, mmekwisha. Katika mtihani wa vitendo, ukiitoa gesi hewani kwa makusudi au kwa mazoea, umefeli papo hapo, hata kama mengine yote umeyafanya kama malaika. Na mtihani ulitolewa mara mbili tu. Ukishindwa ya pili unapewa barua ya shukrani na tiketi ya kurudi. Kwa Mama Baridi barua ya shukrani ilikuwa na maana moja: mwaka mpya ukifika, mlango wa karakana unashushwa na hauinuliwi tena.

"Mama, umeshasalimia tena," mwalimu alikuwa akimwambia kwa upole wakati wa mazoezi.

"Nimesalimia?"

"Umesalimia."

Yeye mwenyewe alikuwa hasikii. Hilo ndilo lililomtisha. Kichwa kilikuwa kimeelewa somo tangu siku ya kwanza, lakini mkono wa kulia haukuwa umehudhuria. Alijaribu kila hila. Aliuvalisha glavu nene, ukasalimia na glavu. Alifanya kazi kwa kushoto, akavunja kioo cha geji ya kupimia gesi. Hatimaye, kwa kukaa chonjo kila dakika kama mlinzi wa benki, akapitisha siku kumi na tano bila tsss hata moja. Akaingia kwenye mtihani kifua mbele.

Mtihani ulikuwa wa saa tatu, ndani ya karakana ya chuo yenye meza nne na mafeni ya ukutani. Alipewa friji linalovuja. Akaitoa gesi ya zamani yote na kuihamishia kwenye mtungi mtupu, akatafuta tundu kwa povu la sabuni, akalehemu kiungo kikang'aa kama cha kiwandani. Akaunganisha mipira, akawasha pampu, akasubiri nusu saa yake bila kunung'unika huku anajaza tableti kwa kifundo cha kidole. Mwalimu alipita, akatazama kile kiungo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaitwa meza ya mwisho, ambako fundi bomba mmoja alikuwa amejiunguza kope kwa moto wa kulehemu.

Mama Baridi akazima pampu. Akainamia mtungi. Alikuwa anafikiria kwamba amefaulu, na amwambieje mumewe ili asitie chumvi kwa majirani.

Tsss.

Safari hii aliisikia. Mkono ulikuwa umelegeza nati, umegusa koki, umekaza, na umerudi mahali pake kama hakikutokea kitu. Na salamu yenyewe ilikuwa ya bure, mpira ule haukuwa na hata chembe ya hewa. Aliinua macho. Mwalimu alikuwa ameinamia kope za fundi bomba. Mafeni yalikuwa yanavuma. Akaitazama mizani chini ya mtungi: gramu nne zimepungua, na kosa lililoruhusiwa lilikuwa gramu tano. Hakuna mtu wala mashine iliyokuwa na ushahidi.

Akamaliza kazi. Friji likawaka, likaanza kupoa. Kwenye tableti likabaki swali la mwisho: Je, gesi yoyote imetoka hewani wakati wa kazi? Ndiyo. Hapana.

Msidhani mama huyu ni mtakatifu. Nyumbani amewahi kumwambia mteja friji litakuwa tayari kesho huku hajalifungua. Aliinyoosha ngumi yake juu ya Hapana, akaishikilia pale, na angebonyeza kama isingekuwa kitu kimoja. Alikuwa na mteja, mjane anayeuza juisi chumbani kwake, friza huku na jiko la mkaa huku, hatua moja katikati, na mtoto analala kwenye mkeka. Friza lile lingebadilishwa kuwa la gesi mpya, na fundi wake ni yeye. Mkono huu ulikuwa umengoja siku kumi na tano, ukavizia dakika aliyojisahau. Kwa mjane angejisahau dakika ngapi?

Akabonyeza Ndiyo. Tableti ikakubali, kisha ikageuka nyekundu.

Mwalimu alikuja mbio. Alisoma, akamtazama, akasoma tena. "Mama, mimi sikusikia."

"Mimi nimesikia, mwalimu."

"Labda umekosea kubonyeza. Naweza kukufungulia upya."

"Sijakosea," alisema. "Niache nikae kidogo."

Jioni, wakati anaojua mumewe anafunga karakana, akampigia simu.

"Haloo, mwanafunzi! Lete habari!"

"Nimefeli."

"Acha utani wako."

"Nimesalimia, baba watoto."

Upande wa pili mlango wa chuma ulisikika ukishushwa nusu na kuachwa hapo. "Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Mwalimu?"

"Alikuwa meza nyingine."

"Mashine, je? Mizani?"

"Mizani ilikubali."

"Sasa aliyekufelisha nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Mama watoto, una wazimu? Miezi saba nakula ugali nilioupika mwenyewe, nadanganya wateja kwamba uko njiani, halafu wewe unajishtaki? Kitu cha sekunde mbili! Mkono si wako? Si unauambia tu utulie?" Na simu ikakatika. Mtu huyu huwa hakati simu mpaka salio liishe. Safari hii alikata.

Mama Baridi akaenda bafuni, akafungua bomba, akalia. Alilia vizuri, bila haraka, kwa ajili ya leseni na kwa ajili ya kukatiwa simu, zaidi kwa ajili ya kukatiwa simu. Alipotoka, mwenzake wa chumba alikuwa amemwekea chai juu ya meza na kujifanya anasoma. Hakumuuliza kitu, na kwa hilo Mama Baridi alimshukuru moyoni.

Siku tatu mume hakupiga. Ya nne, simu ikaita, na safari hii alitaka waonane usoni. Mama Baridi akamwona amekaa kwenye meza ya kazi, shati limelowa, nyuma yake pampu ya kunyonya hewa asiyoifahamu.

"Nimeiazima kwa yule wa viyoyozi," mume alianza bila hata hujambo. "Nilitaka nikuonyeshe jinsi ilivyo rahisi. Niliweka simu ijirekodi yenyewe, nikutumie picha safi, uone aibu. Mara ya kwanza nikasalimia. Nikasema, aah, sikuwa nimejiandaa. Ya pili nikasalimia. Ya tatu nilijitukana kabisa, nikasalimia." Akafuta jasho. "Mara kumi, mke wangu. Nimesalimia mara nane. Nimeangalia picha zote. Unajua nimeona nini? Namna kiganja kinavyogeuka, kile kidole kidogo kinavyosimama pembeni. Ni wewe. Ni wewe kabisa."

Mama Baridi akautazama mkono wake wa kulia.

"Yaani mkono ule ni wangu," mume akasema. "Mimi ndiye niliyekupa. Halafu nikakufokea."

"Ulinipa na kazi pia," alimjibu. "Usijibebeshe lawama zote, utavunjika kiuno."

Mume akacheka, na yeye akacheka, na ugomvi ukawa umekwisha hivyo.

Mtihani wa pili ulikuwa baada ya wiki tano. Wakapanga kila siku saa kumi na moja jioni wafanye mazoezi kwa wakati mmoja, yeye kwenye karakana ya chuo kwa ruhusa ya mwalimu, mume kwao, kila mmoja na mtungi uliojazwa upepo tu ili wasipoteze gesi. Wakimaliza, wanapigiana simu kutajiana ni mara ngapi mfululizo wamefanya bila salamu. Mume ndiye aliyebuni njia: usifanye kitu kabla hujakitaja. "Sasa naunganisha. Sasa nawasha pampu. Sasa nangoja." Mdomo uwe mbele, mkono ufuate. Kwa kuwa salamu haikuwa na neno lake kwenye orodha, mkono ukakosa pa kuingilia. Mwanzoni walijiona kama vichaa wawili wanaopiga soga na mitungi. Fundi bomba mwenye kope nusu alikuja kumchungulia, akaondoka anatikisa kichwa, kesho yake akaja kuuliza kama anaweza kujiunga.

Wiki ya kwanza Mama Baridi alisalimia mara sita. Ya pili, mara mbili. Mume alimshinda tangu mwanzo. "Leo kumi safi!" alitangaza. Kisha ishirini safi. Kisha thelathini. Mama Baridi alikasirika kwa wivu; mtu aliyekataliwa na fomu kwa uzee, anamshinda yeye mwenye mwalimu na karakana! Akawa anabaki mezani mpaka mlinzi anakuja kutikisa funguo. Alipofika ishirini, mume alikuwa thelathini na tano. Alipofika arobaini, mume hamsini. Usiku wa kuamkia mtihani alimpigia kumwambia, "Nimekufikia. Hamsini."

"Basi kalale," mume akasema. "Kesho ni siku ya kawaida tu."

Kesho yake aliingia mtihanini anaongea. Aliongea saa tatu nzima, kila hatua, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Aliyesimamia safari hii alikuwa mkaguzi kutoka nje ya chuo, mama mkavu asiyecheka. Alisogea, akauliza, "Unaongea na nani?"

"Na mkono wangu, mkaguzi. Ni mgumu wa kusikia."

Mkaguzi aliandika kitu. Mama Baridi akataja pampu, akataja nusu saa, akataja mtungi, akafungua. Hakuna tsss. Swali la mwisho alilijibu kwa kifundo cha kidole, na tableti ikageuka kijani. Mwalimu, aliyekuwa amekatazwa kuingia, alionekana kwenye kioo cha mlango anarukaruka kama aliyefaulu ni yeye.

Alirudi nyumbani siku nane kabla ya mwaka mpya. Walimpokea kwa vigelegele, watoto wakanyang'anyana sanduku, leseni ikapita mikono ya majirani mpaka ikapata alama ya dole gumba. Asubuhi iliyofuata, kabla chai haijapoa, alikuwa karakana na mumewe. Friji la kwanza la gesi mpya lilikuwa linawangoja, mali ya duka la dawa, limekwisha lehemiwa. Pampu ilikuwepo, ya kwao wenyewe sasa.

Mume akakaa mbele kama kawaida yake. Akaunganisha mipira, anataja kila hatua. Wakangoja nusu saa, wakapiga soga za mtaa. Akazima pampu, akausogeza mtungi. Hapo akanyamaza. Mkono wake ulikuwa juu ya nati. Akautoa, akautia mfukoni.

"Fanya wewe," alisema.

"Kwa nini? Si ulifika hamsini safi kabla yangu?"

Hakumtazama. Alilitazama friji. "Sijawahi kufika hata kumi. Kila jioni uliponiaga nilibaki hapa najaribu, mkono unanishinda. Nilikuwa nakutajia tu namba."

"Ulinidanganya wiki tano nzima?"

"Ungejua mimi nimeshindwa, ungesema na wewe hutaweza. Nakujua." Akainuka kumpisha. "Huu wangu hauponi tena, mke wangu. Usiniruhusu niguse hizi za kuwaka."

Mama Baridi alitaka kumkemea, kisha akaacha. Akavuta kigoda, akaketi mahali alipokuwa ameketi mumewe, pakiwa bado pana joto lake. Alishika nati kuhakikisha imekaza.

"Sioni vizuri namba za geji kutoka hapa," alisema, ingawa alikuwa anaziona. "Nisomee."

Mume akavaa miwani, akainama karibu yake, akaanza kumsomea.